Kofia ya jino si ya jino zima

SEHEMU YA 1

Wiki hii tuko kinywani.

Nimeulizwa sana kuhusu kofia za meno. Wengine wanaziita taji, ukienda kliniki utasikia "krauni". Ni kitu kimoja: ganda gumu linalotengenezwa kwa umbo la jino, linavishwa juu ya jino lako na kugandishwa kwa saruji yake maalumu. Wanaouliza ni wa aina mbili. Yupo mwenye gego lililovunjika nusu, anataka kujua kama linaweza kuvishwa badala ya kung'olewa. Na yupo mdogo wangu mwenye meno yake yote, mazima kabisa, ila ameona kwenye simu watu wenye tabasamu jeupe kama vigae vya bafuni, naye anataka sita ya mbele yachongwe yavishwe.

Nitoe msimamo mapema tusizungushane. Wa kwanza namwambia awahi. Wa pili namwambia aache. Mimi ni nesi, si daktari wa meno, na hakuna jino nitakalokuchonga. Lakini mambo yakiharibika, watu huanzia kwetu, wameshika shavu, wanaomba dawa ya maumivu. Kwa hiyo naongea.

Sababu yenyewe ni hii. Lile tabaka la nje la jino, ule weupe unaong'aa, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Mfupa hauoni ndani. Ila lina udhaifu mmoja mkubwa: halijijengi upya. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichubuka inarudi, lakini tabaka hilo halina chembe hai za kulirudisha. Doa jeupe la mwanzoni linaweza kukazwa na floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno, hapo sawa. Tundu likishatoboka, au mashine ikishachonga, imetoka hiyo.

Na jino halivai kofia kama kichwa kinavyovaa. Daktari anachonga kwanza jino pande zote, milimita 1 mpaka 2, ili kofia ipate pa kukaa isionekane nene. Milimita 2 unaona ni kidogo, lakini kumbuka jino la mbele lenyewe lilivyo jembamba. Likiwa limeoza au limevunjika, unachonga kitu kilichokwisha kuharibika ili uokoe kilichobaki. Likiwa zima, unaharibu ili upambe.

Halafu kofia si ya milele. Ikitunzwa, mara nyingi inakwenda miaka 10 mpaka 15, nyingine zaidi. Binti wa miaka 22 akivisha meno sita leo, kabla hajafika 60 atakuwa amebadilisha mara mbili au tatu. Zidisha kwa sita. Na kila kubadilisha ni kuchokonoa jino lile lile ambalo lilikuwa zima. Kuna meno ambayo mshipa wake hufa kwa sababu ya kule kuchongwa tu, likaanza kuuma jino ambalo halikuwa na shida yoyote.

SEHEMU YA 2

Jana nilimwambia mwenye jino lililovunjika awahi. Leo nieleze kwa nini, maana huku kwetu Tunduma, na Vwawa, na Mlowo, hata Ileje kule, dawa ya jino tunaijua moja tu. Toa.

Jino limeuma siku tatu, umekula vidonge vya dukani, limetulia, limeamka tena, unaenda hospitali unasema "dokta naomba unitolee hili". Na mara nyingi linatolewa kweli, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya meno kwenye vituo vyetu hapa nchini ni kung'oa. Siwalaumu wanaong'oa. Mgonjwa kafika amechelewa, foleni ndefu, vifaa vya kuzibia havipo au vimekwisha, na mgonjwa mwenyewe anataka kwenda nyumbani akiwa ameponea.

Ila jino lililoachwa wazi lina gharama ambayo hailipwi siku ile. Jirani zake wanaanza kulalia upande wa pengo. Jino la juu linalotazamana na pengo linashuka taratibu kutafuta mwenzake. Chakula kinanasa pale, unahamia kutafuna upande mmoja, na baada ya miaka michache upande huo nao unaanza kulalamika. Nawaona wamama wa miaka 35 wanaotafunia meno ya mbele kama sungura.

Jino ambalo bado lina mizizi imara, hata kama juu limebomoka, mara nyingi linaokolewa. Tundu dogo linazibwa, yameisha, huhitaji kofia. Tundu likifika kwenye mshipa, daktari anasafisha ndani ya mizizi na kuijaza. Ndiyo ile watu wanaita kuua mshipa. Sasa gego lililotibiwa mzizi ndilo kofia iliumbiwa. Ndani limechimbwa, kuta zimebaki nyembamba, na gego ndilo linalobeba mzigo wa kutafuna. Ukiliacha na kiraka tu, siku moja unakula mahindi ya kuchoma linapasuka mpaka kwenye mzizi. Hapo hakuna fundi. Ni kung'oa, na pesa ya kutibu mzizi imekwenda na maji.

Kazi yenyewe kwa kawaida ni safari mbili. Ya kwanza unapigwa ganzi, jino linachongwa, unang'ata kitu laini kama udongo ili kuchukua umbo, unavishwa kofia ya muda. Fundi wa maabara ya meno anatengeneza ya kudumu. Safari ya pili inapimwa, unang'ata, inasawazishwa, inagandishwa. Zipo za chuma, za kauri iliyowekwa juu ya chuma, na za zirkonia ambazo ni nyeupe na ngumu sana. Kwa gego la nyuma usione aibu kuchagua ya chuma kama daktari anaiona inafaa. Inataka jino kuchongwa kidogo zaidi kuliko nyingine, na huko nyuma anayeiona ni nani?

Wengi wetu kwa kazi hii tunapanda gari la Mbeya, zaidi ya kilomita 100, mara mbili. Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye kile kiti uliza maswali ya mtu anayenunua kiwanja. Nimepigwa picha ya eksirei? Mzizi utatibiwa kwanza? Bei uliyotaja ni ya kazi nzima pamoja na kofia ya muda, au kila hatua na yake? Ikitoka ndani ya miezi michache unanirudishia vipi? Mwenye bima, ulizia huduma hiyo kwa jina kabla ya kusafiri, kwa sababu urembo bima hazilipi na hata matibabu kila kifurushi kina mpaka wake.

Na mkinisikiliza neno moja tu la sehemu hii liwe hili: kofia haiozi, jino lililo chini yake linaoza. Pale inapokutana na ufizi ndipo pa kupiga mswaki kwa makini kila siku.

SEHEMU YA 3

Leo mtanichukia kidogo. Urembo.

Tuanze na mwanya. Mwanya wa kuzaliwa nao jamani nani asiyeupenda. Lakini siku hizi kuna mwanya wa tupa. Binti anakaa kwenye stuli, mtu anapitisha tupa au kijimashine katikati ya meno mawili ya mbele, dakika chache mwanya umepatikana. Kilichoondolewa pale ni lile tabaka la Sehemu ya 1, lisilorudi. Jino linaanza kushtuka kwa maji ya baridi, na baridi ya huku kwetu mnaijua, maji ya bomba asubuhi ni kama ya friji. Baadaye linaweka doa, baadaye tundu. Kisha huyu huyu ndiye anakuja kuniuliza kuhusu kofia.

Wapo pia wanaobandika meno. Mpaka wetu una watu wa kila aina, leo yuko Tunduma kesho yuko Nakonde, ana kibegi na plastiki laini ya kumimina. Anaimimina kwenye pengo, inaganda imekumbatia meno ya jirani na imekaa juu ya ufizi. Haitoki, haipigiki mswaki chini yake. Ufizi unavimba, unatoa damu, harufu inaanza, na meno mawili yaliyokuwa mazima yanalegea. Umeingia na pengo moja, unatoka na matatu. Jino la dhahabu la kuvisha juu ya jino zima, shida ni hiyo hiyo, inang'aa tu zaidi.

Daktari wa meno Tanzania anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ana leseni. Kumuomba uione si dharau, dada yangu. Hata mwenye nyumba unamuomba risiti.

Halafu limao na magadi ya kuumulia mandazi, mkaa wa kusaga, poda zinazouzwa stendi. Limao ni asidi, mkaa ni msasa. Siku mbili za kwanza unaona meno yameng'aa kweli, kwa sababu umekwangua. Chini ya ule weupe kuna tabaka la njano, na kadiri unavyokwangua ndivyo njano inavyokaribia nje. Ukiona kadiri unavyosugua ndivyo yanavyozidi unjano, sasa umejua kwa nini.

Lakini sitaki mnielewe kwamba urembo wa meno ni dhambi. Sikubaliani kabisa na wanaosema mtu akitaka meno mazuri ana kiburi. Yuko binti anayefunika mdomo kwa kiganja kila akicheka, hakubali kupigwa picha hata kwenye harusi ya dada yake. Huyo anaumwa, ingawa jino haliumi.

Fikiria waliokulia Arusha, Manyara, Kilimanjaro, Singida, ambako maji ya maeneo mengi yana floraidi nyingi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na huko kuna visima vinavyopita hapo mbali, mpaka kikajengwa kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kule Ngurdoto. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya utu uzima yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka na madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka. Ndiyo hao tunaowacheka "meno ya Arusha". Hawakuwa wachafu. Walikunywa maji.

Au mama aliyepewa vidonge vya tetrasaiklini akiwa mjamzito, au mtoto aliyepewa kabla hajatimiza miaka 8. Meno yanatoka na mistari ya njano au kijivu, na iko ndani ya jino, mswaki haufiki. Ndiyo maana ukienda duka la dawa ukapewa tu "rangi mbili" bila maelezo, uliza jina la dawa.

Watu hawa wana haki ya kutengenezwa. Na hata kwao daktari mzuri ataanza na kidogo: kung'arisha kwa dawa kitaalamu, kujenga kwa kiraka cha rangi ya jino, kubandika ganda jembamba upande wa mbele tu. Kofia inakuja mwisho. Ukiona mtu anaanza na kofia kwa kila anayeingia mlangoni, ujue anaangalia pochi.

SEHEMU YA 4

Fupi leo, nina zamu ya usiku.

Wajawazito wangu: mtoto hali meno ya mama. Naisikia kliniki kila wiki. Kalisi ya mtoto haitoki kwenye meno yako. Kinachotokea ni kwamba homoni zinavimbisha fizi, unatapika asidi inayolainisha meno, unakula kidogo kidogo mchana kutwa, na mswaki unakuchefua. Ukitapika sukutua maji kwanza, subiri nusu saa ndipo upige mswaki. Na jino bovu linatibika ukiwa na mimba, ganzi unapigwa, mwezi wa nne mpaka wa sita ndiyo unakaa vizuri kwenye kiti. Waambie tu kwamba una ujauzito.

Bodaboda: jino la utu uzima liking'oka zima kwa ajali, lishike kichwani, usiguse mzizi. Kama ni chafu lisuuze haraka, usilisugue. Lirudishe kwenye shimo lake kama unaweza, kama huwezi liweke kwenye maziwa baridi, mkimbie hospitali yenye huduma ya meno, ndani ya saa moja ikiwezekana. Msilifunge kwenye kitambaa likakauka. La utoto halirudishwi.

Wababa: kuziba tundu ni bei ndogo kuliko mnachokuja kulipa baadaye. Mke akiomba hela ya jino ambalo "bado haliumi sana", ndiyo wakati wenyewe.

SEHEMU YA 5

Nimewaweka watoto mwisho makusudi, kwa sababu kofia nyingi za ukubwani zinaanzia hapa.

Meno ya plastiki kwanza. Mtoto mchanga ana homa, anaharisha, bibi anamfungua mdomo anaona uvimbe mweupe kwenye fizi, anasema haya ni ya plastiki, yatolewe. Mtu anakuja na kisu, au spoku ya baiskeli. Mama zangu, ule uvimbe ni chonge ya utoto ikiwa bado ndani ya fizi. Haina homa yoyote. Kinachoharisha ni tumbo, na malaria ipo. Mtoto anahitaji kupimwa, maji ya chumvichumvi na zinki, na huku sisi tunamkata fizi, anavuja damu, anapata maambukizi, wengine wanafariki.

Anayepona naye hajamaliza. Chini ya ile chonge ya utoto ndipo inapojijenga ya utu uzima. Spoku imeshapita pale. Miaka 11 au 12 baadaye chonge inatoka imebonyea, imepinda, au haitoki kabisa. Binti yuko sekondari, anaona aibu, mama anauliza kofia ya jino bei gani. Hakuna anayekumbuka ile siku ya spoku.

Pili, "ni ya utoto, yataanguka tu". Meno ya utoto ni 20, na magego yake yanakaa mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego lililooza ana miaka sita au zaidi ya kulala na maumivu. Na gego likitolewa mapema, majirani wanajaza nafasi na la utu uzima linatoka likiwa limepinda. Kwa hiyo linazibwa.

Na hapa najivunia kidogo. Ile njia ya kuchimba uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha kuziba kwa dawa inayoshika jino na kutoa floraidi, ilianzia hapa kwetu, Dar es Salaam, Chuo Kikuu upande wa Muhimbili, katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipobeba mada ya kinywa, WHO ikaitangaza dunia nzima. Inafaa kituo cha afya cha kijijini Momba ambako umeme unakatika. Kwa hiyo mkiambiwa kuziba hakuwezekani kwa sababu mashine imeharibika, ulizeni kwa upole kama kuna kuziba kwa mkono. Wanaopaswa kuagiza ile dawa ya kuzibia nao wasikie kwamba wananchi wanaiuliza. Tukiomba kung'olewa tu, wataendelea kuagiza koleo.

Watoto nao wana kofia yao. Ni ya chuma, imeshatengenezwa, inabanwa juu ya gego la utoto lililooza kabla uozo haujafika kwenye mshipa. Kuna namna aliyoianzisha daktari wa meno wa Scotland, Norna Hall, ambayo haina sindano wala kuchonga: uozo unafungiwa ndani, vijidudu vinakosa sukari, vinakwama. Inatoka pamoja na jino wakati wake ukifika. Ukifika kliniki kubwa ya meno na mtoto, iulizie. Ndiyo kofia pekee ninayoitetea bila masharti mengi.

Mambo ya chai ya sukari kwenye chupa usiku, juisi za paketi na biskuti tumeshaongea sana huko nyuma, sirudii. Dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku, chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo kiasi cha njegere. Unampigia wewe, hajui.

Lililobaki ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kuanguka, linatoka gego jipya. Hakuna kelele, hakuna pengo, mama hajui. Anadhani ni la utoto. Hilo ni la utu uzima, la kwanza kabisa, na ndilo nguzo ya utafunaji wote. Lina mifereji mirefu inayoshika chakula, linatoka wakati mtoto anajipigia mswaki mwenyewe kwa haraka, na linaoza mapema. Akifika miaka 9 linauma, tunasema "si la utoto hili, toa tu", linatolewa. Mtoto wa darasa la tatu ana pengo la kudumu.

Leo usiku, wenye watoto wa miaka 5 mpaka 8, washeni tochi ya simu. Mwambie afungue mdomo, anza katikati mbele, hesabu kurudi nyuma upande mmoja. La kwanza mpaka la tano ni ya utoto, au ni nafasi zake kama mengine yameanguka. La sita ndilo hilo. Angalia pande zote nne, chini na juu. Kama lina mfereji mweusi au kitundu, mpeleke wiki hii, na ukifika sema "naomba lizibwe".